Jinsi ya Kuilaza Boti Bila Kuiua

Mwongozo huu ni wa wenye boti za faiba zenye mashine ya kufunga nyuma, kuanzia Kilindoni hadi Watamu, ambao kila Aprili huivuta boti ufukweni, huitupia turubai na kwenda zao. Kusi ikilegea hurudi, huvuta kamba ya kuwashia mpaka bega linauma, kisha humlaumu fundi, jirani, jini wa pwani na Mjapani aliyeiunda. Mashine haikurogwa. Imeuawa taratibu na chumvi, maji ya mvua na petroli iliyochacha, na aliyeviacha vyote hivyo ndani yake ni mwenyewe.

Wenzetu wa nchi za baridi wana bahati moja: wanaogopa. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, na tone lililosahaulika ndani ya giaboksi laweza kulipasua. Kwa hiyo kabla ya theluji kila mwenye boti huko hushika spana. Huku kwetu hakuna barafu ya kumtia mtu adabu. Kutu haina mshindo, basi bwana boti hulala usingizi mnono miezi mitano.

Anza na mwezi wa angani. Boti hupandishwa kwa maji ya bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ikiwa imejaa hasa. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, na katika sehemu nyingi za pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Tafuta mstari wa takataka ulioachwa na bamvua ya Machi, kisha uupite kwa hatua za kutosha. Asemaye "hapa panatosha" akiwa bado anakanyaga mwani mbichi ajiandae kuitafuta boti yake mikokoni.

Ikishapanda, iweke juu ya magogo, omo ikiinuka kuliko tezi, na ung'oe kizibo cha chini. Usipuuze kizibo hicho. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya boti yenye eneo la mita 10 za mraba huingiza lita 1,000, yaani tani nzima. Masika haihitaji siku nyingi kufikisha kiasi hicho. Wako watu hununua turubai la bei mbaya na kuacha kizibo mahali pake, na turubai likibonyea katikati wanakuwa wamejijengea bwawa la mbu. Banda la makuti lenye kupitisha upepo lashinda turubai lililokazwa pande zote, kwa sababu joto na unyevu vikifungiwa pamoja huzaa ukungu na kutu.

Sasa mashine. Tafuta pipa, lijaze maji baridi ya kisima kisicho na chumvi, tumbukiza mguu wa mashine hadi maji yapite sehemu yanapoingilia, kisha iwashe na iache iungurume polepole kwa dakika 10 hadi 15. Dakika mbili hazitoshi. Thamostati hufunguka mashine ikishapata moto, na kabla haijafunguka, njia nyingine za maji ndani hazijasafishwa bado. Tazama kitundu kinachotema maji pembeni: kikitema kwa nguvu, pampu ni nzima, kikidondosha, mwite fundi sasa, angali na nafasi.

Kuna kundi la watu ambao huiwasha mashine nchi kavu kila Jumapili "ipumue kidogo". Hao ni wauaji wenye moyo mwema. Mpira wa pampu hulainishwa na maji hayohayo inayoyavuta. Ukizunguka mkavu, muda mfupi tu watosha kuuunguza. Mashine iliyolazwa vizuri haihitaji kupumua. Iacheni.

Mashine ikiwa bado pipani, chomoa mpira wa mafuta uiache ijizime yenyewe, halafu fungua skrubu ya chini ya kabureta, yatoke matone yaliyobaki. Hapa ndipo mashine nyingi zinapofia. Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi huruka na kuacha utomvu unaoziba vijitundu vyembamba vya kabureta. Mafuta ya msimu uliopita si akiba, hata kama bei imepanda. Yatumie mapema kwenye chombo kingine kinachokula mchanganyiko huohuo, na msimu ukianza uchanganye upya: kwa kipimo cha 50 kwa 1, mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Ya pikipiki mwachie mwenye pikipiki. Mwenye mashine isiyochanganywa mafuta amwage oili chafu kabla ya kuilaza, maana ina tindikali inayokula vyuma muda wote wa mapumziko.

Kisha toa plagi, tia oili kiasi cha kijiko cha chai katika kila silinda, na uzungushe mashine taratibu kwa mkono, klipu ya kuzimia ikiwa imetolewa. Oili hiyo huvaa kuta za silinda na kuzikinga na hewa ya chumvi. Ni kazi ya dakika chache, na huokoa pistoni zisigande.

Usiuguse mguu wa mashine kwa haraka. Mwaga oili ya giaboksi uitazame rangi: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili imekufa. Ng'oa pangaboi, kata mshipi uliojiviringa kwenye shafti, kwani mara nyingi ndio uliokata sili hiyo. Tia oili mpya kwa tundu la chini mpaka itokee la juu. Kipande cha zinki kilichokwisha nusu kibadilishwe, wala kisipakwe rangi. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mashine.

Isimamishe mashine wima, ndani ya nyumba kama unaogopa wezi, nawe una kila sababu ya kuwaogopa. Ukilazimika kuilaza, mguu usiinuke kuliko kichwa, maji yasije yakarudi kwenye silinda. Ziba vitundu kwa kitambaa, kwa kuwa nyigu wa udongo hawaoni tofauti ya mashine yako na ukuta. Betri itolewe, ichajiwe kila mwezi. Na kuiweka juu ya sakafu ya saruji hakuimalizi chaji, hata kama babu alisema hivyo.

Kusi ikiisha na potwe wakianza kuonekana tena Mafia, watalii watakuwa tayari wamejipanga. Waache wasubiri. Toa vitambaa, rudisha kizibo, tia mafuta mapya, washa ndani ya pipa na utazame maji yakitemwa. Kisha nenda baharini wewe na fundi wako, mkiwa na makasia, nanga na maboya ya kujiokolea, mkae saa nzima mbele ya macho ya walio ufukweni. Abiria asiwe mtu wa kwanza kugundua kwamba boti yako haikulala vizuri.