Ugiriki Yote kwa Siku Sita

Wanaoibeza ratiba ya kuimaliza Ugiriki kwa siku sita hawajui thamani ya muda. Parthenon, hekalu lililo juu ya kilima cha Acropolis jijini Athens, ilianza kujengwa mwaka 447 KK na kukamilika 432 KK: miaka 15 kwa jengo moja! Mgeni wa leo analimaliza kwa dakika 20, selfi ikiwemo, kisha huyo, mbio bandarini Piraeus. Nani basi mchapakazi? Tangu 2023 Acropolis ina kikomo cha wageni 20,000 kwa siku, na kila mmoja hupangiwa saa yake ya kuingia. Uungwana mkubwa huo, maana 20,000 bado ni msongamano, na pasipo msongamano mtu angeweza kujikuta anayatazama mawe.

Wapo watakaosema visiwa vyenye wakazi huko ni zaidi ya 200, na kwamba meli ya kawaida kutoka Piraeus hadi kisiwa cha Santorini hula saa nane hivi. Hoja dhaifu, ni saa nane za kuchaji simu. Wengine watataja meltemi, upepo wa kiangazi unaozuia meli kung'oa nanga, lakini upepo wenye adabu hauvumi siku ya tiketi isiyobadilishika. Delos nacho, kisiwa alikozaliwa Apollo kwa imani ya Wagiriki wa kale, hakiruhusu mgeni kulala. Angalau kimoja kimeielewa ratiba. Na jioni pale Oia, kijiji cha Santorini, umati huinua simu na kulitazama jua likizama kwenye skrini ya aliye mbele. Jua hilohilo huzama Forodhani, Unguja, bila kiingilio, ndiyo maana halihesabiki.