Kwa Heshima ya Mnunuzi wa Ng'ambo

Watu wa Mombasa ni wepesi wa kusema vibaya wasiowajua, na katika wote waliosemwa vibaya sijaona aliyeonewa kama mnunuzi wa gari wa ng'ambo. Namkusudia yule bwana anayeona tangazo la Prado yako saa tatu usiku, na ikifika saa tatu na robo ameshakubali bei. Wanamwita tapeli. Mimi naona wakati umefika mtu amtetee, maana kwa adabu, subira na ukarimu hana mpinzani katika soko zima la magari.

Mtazame kwanza mnunuzi wa hapa nyumbani. Huyu huja na fundi kutoka Changamwe, na fundi huja na rafiki ambaye kazi yake haijulikani ila kutikisa kichwa. Fundi huchomoa kijiti cha oili, akakinusa, akamtazama mwenye gari kwa huruma. Hugonga milango kwa kidole kutafuta puti. Hulala chali chini ya gari na tochi ya simu akitafuta kutu, na akiinuka hutaka injini izimwe, iachwe ipoe, iwashwe upya. Gari litaendeshwa hadi Mtwapa na kurudi, kwa mafuta yako. Baada ya yote hayo mnunuzi atakuuliza kwa sauti ya mfiwa, "Sasa ndugu yangu, bei ya mwisho ngapi?" Umetangaza milioni sita na nusu. Yeye anayo nne na laki nane, na hizo laki nane atazileta mwisho wa mwezi.

Mnunuzi wa ng'ambo hana makuu hayo. Hataki fundi. Hataki namba ya chasisi, hataki kujua gari limepata ajali au halijapata, hataki hata picha ya ndani. Anachotaka ni uondoe tangazo, na kwa wema huo atakuongezea shilingi elfu thelathini juu ya bei uliyotaja. Hata jina la gari halitaji. Anasema "bidhaa yako", na nimekuja kuelewa kuwa si dharau: ujumbe huohuo ameutumia pia kwa mwenye piano na kwa mwenye ng'ombe wa maziwa, na hapendi kumbagua mtu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mnunuzi huyu ndiye pekee aliyewaamini wahenga moja kwa moja.

Kazi yake mara nyingi ni uhandisi kwenye mtambo wa mafuta katikati ya Bahari ya Kaskazini, au ubaharia, au ulinzi wa amani mahali pasipotajwa. Huko mtandao ni wa ajabu sana. Unapitisha ujumbe wa WhatsApp usiku kucha, unapitisha picha ya pasipoti, lakini sauti haupitishi na video haupitishi kabisa. Wenye roho mbaya huona hilo ni dalili ya kitu. Mimi naona ni mtu anayevumilia mazingira magumu ya kazi.

Halafu angalia mapenzi yake kwa gari lenyewe. Prado yako ilitumiwa Japani kwanza, ikavuka bahari, ikateremshwa Kilindini, ikala mashimo ya barabara zetu miaka mitano, na usukani uko kulia. Yeye anakaa Norwei, ambako watu huendesha upande wa kulia na usukani huwa kushoto, na kuna wauza Toyota kila mji. Bado anaitaka ya kwako. Mwingine yuko Texas. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kuingiza na kusajili gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyao vya usalama mpaka litimize miaka 25, isipokuwa kwa vibali vichache na gharama kubwa. Prado iliyoundwa mwaka 2018 itaruhusiwa mwaka 2043. Bwana huyu yuko tayari kulipa leo na kungoja. Nionyesheni mnunuzi wa Mombasa mwenye subira hiyo.

Kwenye malipo ndipo ukarimu unapozidi. Bei ni milioni 6.5, yeye atatuma milioni 7.3. Hizo laki nane si makosa ya hesabu. Ni za wakala wake wa meli, ambaye kwa sababu zake hapokei fedha kutoka nje bali hupokea M-Pesa, na ambaye sharti alipwe leo kabla meli haijaondoka. Unaombwa umfikishie tu. Kikomo cha muamala mmoja wa M-Pesa ni shilingi 250,000, na kwa siku nzima ni 500,000, kwa hiyo kazi itachukua siku mbili. Mteja atakukumbusha mwenyewe vikomo hivyo, asubuhi na jioni, na hatachoka kukupa pole. Kwa nini asimlipe wakala moja kwa moja? Swali hilo si la kiungwana. Mtu anayekuamini kwa laki nane zake hahojiwi.

Ila kwa kweli anachokuamini nacho ni laki nane zako. Hapo ndipo ufundi ulipo, na ufundi haupaswi kubezwa. Kati ya mwaka 1995 na 1998, Emmanuel Nwude wa Nigeria alijifanya gavana wa Benki Kuu ya nchi yake, akamuuzia mkurugenzi wa Banco Noroeste ya Brazili uwanja wa ndege wa Abuja ambao haukuwapo. Benki ilipoteza dola milioni 242. Mahakama ilimfunga mwaka 2005, na tangu hapo anatajwa kama bingwa. Lakini Nwude aliuza kitu kisichokuwapo kwa fedha zilizokuwapo, jambo lenye gharama ya nyaraka na mikutano. Bwana wetu ananunua kitu kilichopo kwa fedha zisizokuwapo, na gari hahitaji hata kulichukua. Chenji inamtosha.

Njia anazolipia ni za kale na za heshima. Wapo wanaotumia hundi. Hapa Kenya hundi ya milioni saba imekosa njia tangu Oktoba 2009, kikomo cha hundi kilipowekwa kuwa shilingi milioni moja na fedha kubwa zikaelekezwa kwenye RTGS, mfumo wa kuhamisha fedha benki kwa benki. Kwa hiyo yeye huleta hundi ya benki ya nje, ambayo lazima irudishwe kwao ikakusanywe, kazi ya wiki kadhaa. Ndugu zetu walioko Minnesota wanamjua vizuri zaidi, kwa sababu kule sheria inaitaka benki ikuruhusu kutoa fedha za hundi ya kibenki mapema, mara nyingi siku ya kazi inayofuata. Fedha kuonekana kwenye akaunti na hundi kukubaliwa na benki iliyoitoa ni mambo mawili, na katikati yake kuna wiki mbili tatu ambazo mteja wetu huzitumia kwa bidii. Hundi ikirudi kuwa ya bandia, benki hufuta ilichokupa. Ulichompelekea wakala hakifutwi. Deni ni lako, na risiti unayo.

Wa kisasa hutuma TT, uhamisho wa fedha kutoka benki ya nje. Yaani hatumi TT, hutuma picha ya TT. Nimepata kuitazama moja kwa makini, ilivyofika kwenye simu ya jirani, na naikumbuka kwa mapenzi. Karatasi yenye kichwa cha MT103, ujumbe wa malipo wa mabenki, mstari wa 32A wenye tarehe na kiasi, mstari wa 59 wenye jina la mpokeaji. Herufi zote zilikuwa nyembamba za mashine, isipokuwa jina la mpokeaji, lililokuwa nene kidogo na limepanda juu ya mstari, ishara kwamba mtu ameliandika kwa moyo. Tarehe ya malipo ilikuwa Jumapili. Mhuri ulikuwa wa buluu, ingawa ujumbe wa kielektroniki haupigwi mhuri na mtu yeyote. Halafu SWIFT, mtandao wa ujumbe wa mabenki, ilimaliza Novemba 2025 kipindi cha mpito cha kuhamisha malipo ya kimataifa kwenda muundo mpya wa ujumbe, lakini bwana huyu bado yuko na MT103. Ni mtu wa mila.

Fedha zisipofika, huja barua pepe kutoka benki yake. Zimeshikiliwa. Zitaachiliwa ukilipia cheti cha kuthibitisha kwamba hazihusiani na ugaidi, hati ambayo haitolewi na benki yoyote duniani na hivyo ni adimu sana, na bei yake ni shilingi elfu sitini tu. Au atapendekeza msimamizi wa kati, kampuni ya kushika fedha mpaka gari lifike. Jambo hilo lipo na ni zuri. Tofauti ni kwamba kiungo anakuletea yeye mwenyewe, na tovuti yenyewe ilisajiliwa wiki iliyopita.

Sasa niwataje wanaomtesa mtu huyu. Wapo, na ukatili wao umepangika. Wanakataa kutuma hata shilingi moja kwa wakala. Wakala na alipwe na aliyemwajiri. Hawasomi namba ya simu iliyo kwenye barua pepe ya benki, wanatafuta namba ya benki hiyo wenyewe na kupiga. Wakipewa picha ya TT wanaipeleka kwa ofisa wa benki yao kwanza, kisha wanakaa kimya mpaka ofisa huyo awaambie kwamba fedha zimeingia, ni zao, na hazirudishiki. Zikitoka kwa jina lisilo la mnunuzi wanazikataa, eti huenda zimeibwa kwenye akaunti ya mtu na zitadaiwa. Kitabu cha gari hawakitoi, na uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, hawauanzishi, hata mteja akilia. Mwingine alimjibu mteja maneno manane: "Karibu Mombasa, tukutane benki yangu Jumatatu saa nne." Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyo hakuja, na hajajibu mpaka leo. Ni vigumu kumlaumu.

Nisionekane napendelea, yupo pia mnunuzi wa ng'ambo wa aina nyingine, yule anayechosha. Ni shemeji aliyeko Muscat au daktari anayerudi nyumbani kutoka Leeds. Huyu anataka video ya injini ikiwashwa baridi. Anamtuma kaka yake aje na fundi, na fundi ni yuleyule wa Changamwe. Analalamika kuhusu rangi ya bampa, anaomba apunguziwe laki mbili, analipa benki kwa benki kwa jina lake na kiasi kilekile mlichokubaliana, bila hata elfu moja ya ziada. Fedha zinachukua siku tatu kufika. Hakuna barua pepe, hakuna cheti, hakuna wakala wala msisimko wowote.

Yule wa kwanza, kinyume chake, hamtupi mtu. Hata biashara ikiisha na laki nane zimekwenda, hazipiti wiki nyingi kabla hujapata ujumbe kutoka kwa wakili wa kimataifa wa kurejesha fedha zilizotapeliwa. Anajua jina lako, anajua kiasi ulichopoteza mpaka shilingi ya mwisho, na anasikitika kweli. Tapeli ameshakamatwa, fedha zako zimepatikana, ziko salama. Ada yake ni asilimia kumi, inalipwa kwanza, na namba ya M-Pesa ameshaiambatisha.