Utukufu wa Benzi Isiyowaka

Watu wa Soni hatuna shukrani. Sedani ya Kijerumani ikizimika pale njia panda ya Bumbuli, taa zote za dashibodi zimewaka na injini kimya, sisi tunacheka. Mwenye duka anatoka kibarazani, bodaboda wanapiga honi bila sababu, na lazima apatikane mzee wa kusema, "Si angenunua Noah tu?" Sijawahi kusikia mtu akiitetea hitilafu yenyewe. Basi leo inaye wakili.

Nianze na sifa iliyo kubwa kuliko zote: bila ubovu wa umeme, Benzi isingepanda mlima huu. Baada ya uhuru, Afrika Mashariki iliwabandika wakubwa wake jina la Wabenzi, na mtu wa kawaida aliijua gari hiyo kwa vumbi lake. Siasa ilijaribu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi masharti makali, lakini halikumkalisha mwalimu wa shule ya msingi kwenye kiti cha ngozi. Waya ndio uliomkalisha. Mkurugenzi fulani huko Uingereza alinunua sedani ya dizeli ikiwa mpya, ina viti vya kupasha joto na vikompyuta vinavyosemezana vyenyewe. Siku moja ikaonyesha taa ya njano. Akaiuza. Aliyeinunua akaona taa ya pili, naye akaiuza. Kila taa ilipowaka bei ikateremka, mpaka gari likavuka bahari, likalipiwa ushuru wa uchakavu Dar es Salaam, na usukani wake wa kulia ukaishia mikononi mwa muuza kabichi. Nitajieni chama kilichowahi kugawa mali za mabwana kwa utulivu namna hiyo.

Haki inadai niseme kuwa si kila Benzi ya dizeli inastahili sifa hizi. Ipo ile ya zamani, W123, iliyotoka kiwandani kati ya 1976 na 1986 kwa idadi inayokaribia milioni 2.7. Hiyo haina adabu hata kidogo. Asubuhi ya kipupwe unazungusha ufunguo, unasubiri taa ya plagi za joto izimike, unapiga stata, basi. Kuanzia hapo injini haidai umeme tena, maana pampu yake ya dizeli inaendeshwa na injini yenyewe, chuma kwa chuma. Ng'oa betri, itaendelea kunguruma. Hata kuizima si kazi ya umeme: ufunguo unafungulia mvuto wa hewa kwenye vijipira vyembamba, na mvuto huo ndio unaokata dizeli. Kijipira kikitoboka, unachomoa ufunguo, unautia mfukoni, unaingia dukani kununua sukari, na gari bado linaunguruma nje. Ndiyo maana chini ya boneti kuna kijiti cha kuisimamisha kwa mkono, kimeandikwa STOP.

Na mwenye W123 ya gia za mkono akiamka betri imekufa hapa Soni, anafanya nini? Anaachia breki kuelekea Mombo, anatia gia ya pili, anaachia klachi, na injini inawaka kabla ya kona ya kwanza. Hajaomba msaada. Hajalipa mtu. Hajaamkia hata jirani. Kijiji kinafaidika nini na gari la namna hiyo?

Ukombozi ulianza kuonekana kwenye magari ya miaka ya 1992 hadi 1995, yale yaliyofungwa nyaya ambazo ganda lake halikustahimili joto la injini. Ukiushika waya wa gari hilo leo, ganda linapukutika vidoleni kama la karanga iliyokaangwa, shaba inabaki uchi, na nyaya zinaanza kugusana na kuambizana mambo zisiyoyajua. Hapo ndipo gari linapopata tabia. Linakataa kuwaka Jumatatu, Jumanne linawaka bila kuulizwa.

Lakini kazi bora kabisa, ile ya kuandikiwa utenzi, ni E-Class ya W211, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002. Injini zake za dizeli zimeshaacha ushamba wa kujitegemea: nozeli zinafunguliwa kwa amri ya kompyuta, na kompyuta isipopata umeme wa kuiridhisha, hakuna tone litakaloingia kwenye silinda. W211 nyingi zina gia za kujibadilisha zenyewe. Betri kubwa imewekwa nyuma, ndani ya buti. Buti inafunguliwa kwa kitufe, na kitufe kinafanya kazi kwa betri iliyomo ndani ya buti. Kuna ufunguo mdogo wa chuma kwa ajili ya dharura, ni kweli, ila tundu lake halijaguswa tangu gari litoke Ujerumani, na ukungu wa Usambara umeshapita humo kabla ya mwenye gari. Machi 2005 kampuni ilitangaza kuyaita magari yake milioni 1.3 yarudi karakana, na miongoni mwa yaliyotajwa ni kidhibiti cha oltaneta, kitengo cha kusimamia betri na breki za umeme. Huo ulikuwa ukarimu wa kimataifa.

Hapo kwenye breki naomba niache utani kidogo. W211 za mwanzo zilikuwa na pampu ya breki inayohesabu mara ilizokanyagwa. Ikifikia idadi iliyopangiwa, inakuandikia kwa maandishi mekundu uende kwa fundi, na mwishowe inakuachia pedali ngumu na breki za magurudumu ya mbele. Mwaka 2006 kiwanda chenyewe kiliachana na mfumo huo kwenye gari hilo. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina kilomita zipatazo 33, Soni iko kama nusu ya njia, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo. Fuso la viazi linakuja kwenye kona. Sifa zangu haziteremki na gari lenye taa hiyo. Ziliache lipumzike pale juu.

Turudi kwenye raha. Soni imeumbwa kwa ajili ya hitilafu ya umeme. Tuna masika, tuna vuli, na katikati tuna manyunyu ambayo mtu wa Dar huyaita mvua na sisi hatuyaiti kitu. Majani ya mikaratusi na misonobari yanadondokea chini ya kioo cha mbele, yanaziba vijitundu vya kutolea maji, maji yanajaa taratibu na kutafuta njia nyingine. Njia nyingine ni boksi la fyuzi. Kwa hiyo wiper zinafuta kukiwa na jua, honi inalia usiku wa manane, na kioo cha dereva kinashuka chenyewe na kukataa kupanda.

Kioo hicho kisichopanda kimefanya kazi ambayo misikiti na makanisa yalishaikatia tamaa. Zamani bosi alipita sokoni amejifungia na kiyoyozi, anatazama mbele. Sasa kioo kiko chini, baridi inampiga shavuni, akina mama wa plamu na pichi wanamwona hadi meno. Anasalimia. Anauliza hali za watoto. Ameshajua bei ya karoti na jina la mtoto wa fundi.

Huyo fundi ndiye nabii wa dini hii. Nilimtazama siku moja akilihangaikia sedani jeusi lililokuwa limegoma karibu na soko. Mashine ya kusoma gari hana. Ana balbu ndogo ya indiketa aliyoisoda nyaya mbili: mmoja una kibanio, anaung'atisha kwenye chuma cha bodi, wa pili una msumari mwembamba, anaugusisha fyuzi moja baada ya nyingine. Balbu ikiwaka vizuri anapita. Ikiwaka kwa unyonge ananyamaza. Alinyamaza muda mrefu kwenye waya mmoja mnene wa kahawia, akaufuata kwa vidole mpaka ulipofungiwa kwenye bodi, akafungua nati, na pale chini palikuwa na ukoga wa kijani.

"Bosi, gari lako zima," akasema. "Limekosa ethi tu."

Bosi alikuwa amevua koti, amepiga magoti kwenye matope, ameshika tochi ya simu. Kijana mmoja alitumwa msasa, mwingine chai ya tangawizi, wa tatu alikaa kwenye usukani kwa kuwa tu hajawahi kukaa. Mama wa maandazi alihamisha beseni lake likawa karibu. Waya ule uliposuguliwa na kukazwa, taa zikazimika zote isipokuwa moja, injini ikaitika, na bosi akalipa watu ambao Noah isingewalipa hata shilingi.

Najua hoja ya wapinzani: wale vijana hulipwa kwa kulisukuma gari la gia za kujibadilisha, ambalo haliwezi kuwaka kwa kusukumwa hata likisukumwa hadi Korogwe. Kweli kabisa. Wao wanajua, fundi anajua. Asiyejua ni mwenye gari, na kumwambia mapema ni kumnyima mazoezi. Baada ya mita mia moja hivi, wote wakihema, ndipo anatokea mtu mwenye betri na nyaya za kubusti, akitokea upande ambao gari lilikuwa likisukumiwa tangu mwanzo. Bei yake haina maelewano.

Ndiyo maana lile jeusi sasa linauzwa. Picha zimesambaa kwenye simu za nusu ya wilaya: limeoshwa, limeegeshwa maporomoko ya Soni yakionekana nyuma, matairi yamepakwa rangi. Tangazo limeandikwa kwa busara: gari zima, injini haijafunguliwa, AC inapuliza, tatizo dogo tu la umeme, maelewano yapo. Mwalimu mmoja wa Bumbuli ameshapiga simu mara mbili. Mimi nimepiga kabla yake.