Mambo ya Ndani

Jan Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini, alikuwa na mkono mzuri wa kuandika. Mwaka 1945, pale San Francisco, alichangia utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ule unaosifu haki na utu wa binadamu. Maneno laini, yanateleza kama mlenda. Mwaka uliofuata India ikamshitaki mbele ya Baraza Kuu: mbona Wahindi wa Afrika Kusini mnawabana kwa sheria za ardhi? Smuts akawa kama mpishi aliyeambiwa aonje chungu chake mwenyewe. Haya, akajitetea, ni mambo ya ndani.

Waliomrithi mwaka 1948 wakaligeuza neno hilo kiitikio. Ibara ya 2, fungu la 7, ya Mkataba huo, inayokataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi, nadhani waliijua kuliko Sala ya Bwana, na waziri mkuu wao Malan aliwahi kuwa mchungaji! Sasa ndani gani hiyo yenye vibao barabarani? Benchi la bustani liliandikwa "Wazungu tu", na aliyelipangusa vumbi kila asubuhi alikuwa Mwafrika asiyeruhusiwa kulikalia.

UNESCO ilipochapisha vijitabu vya kupinga ubaguzi wa rangi, serikali ikanuna, na mwaka 1955 ikatangaza kujitoa. Vijitabu, jamani.

Machi 1960, polisi wakaua watu 69 katika kitongoji cha Sharpeville. Wengi risasi ziliwaingia mgongoni. Baraza la Usalama likauliza. Pretoria ikajibu: mambo ya ndani.