Mluzi Kwenye Spika

Watu wa mtaani kwetu wana masikio ya kidaktari. Washa redio ya gari ukiwa umeegesha, na wimbo haujafika kwenye kiitikio utakuwa umeshatajiwa ugonjwa, chanzo chake, bei ya dawa na duka la kuinunua. Kwa maumivu ya mgongo na watoto wanaokataa kula nilikuwa nimeshawazoea. Sikutarajia kwamba hata amplifaya ina waganga wake.

Gari lenyewe ni IST, lile ambalo ukikwama kwenye foleni ya Ubungo unaliona mbele, nyuma na pembeni. Lilitoka Japani na redio yake, na redio za huko za zamani zinaanzia 76 na kugota 90, wakati stesheni zetu zimetandazwa kutoka 88 hadi 108. Kwa hiyo katika jiji lililojaa watangazaji mimi nilibakiwa na wale wachache waliobanana kati ya 88 na 90, pamoja na dada mmoja wa Kijapani ambaye kila nikiwasha gari alinidai, kwa adabu zote, kadi ya kulipia barabara za kwao. Nikabadilisha redio. Kijana aliyeifunga akaiangalia kwa huruma, akasema, "Bosi, redio kama hii bila sabufa ni dhambi." Shemeji yangu, ambaye alikuja kunisindikiza tu, akaitikia amina.

Basi kwenye buti kukaingia kasha la sabufa, na chini ya kiti cha abiria ikalazwa amplifaya yenye maandishi ya rangi ya dhahabu: wati 3000. Ubavuni mwake ilikuwa na fyuzi moja ya amperi 30. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari ni kama volti 14. Zidisha 14 kwa 30 unapata wati 420, tena hizo ndizo zinazoingia, kabla nyingine hazijaishia kwenye joto. Zile elfu mbili na mia tano na ushee zinazosalia zinatoka moja kwa moja kwenye wino wa dhahabu.

Muziki ukapigwa injini ikiwa imezimwa. Vioo vikatetemeka, shemeji akajipiga picha. Nikalipa, nikawasha gari niondoke, na hapo ndipo mluzi ulipoanza: iiiiii, mwembamba, nyuma ya sauti ya mwimbaji. Nikikanyaga mafuta, unapanda. Nikiachia, unashuka. Kijana akasema utaisha wenyewe, amplifaya bado ngeni.

Jumapili nikampakia mama mkwe kumpeleka ibadani. Mama mkwe wangu ni mtu wa staha, hawezi kukosoa gari la mkwewe. Alivumilia hadi kwenye taa za Mwenge, ndipo akauliza taratibu, "Baba Neema, hivi huyu mbu yuko upande wako au wangu?" Tulipoondoka kwenye taa mbu akapandisha sauti, na mama mkwe akavua kiatu.

Ndipo nikaanza kuomba ushauri, jambo ambalo mtaani kwetu halihitaji kuombwa. Jirani anayechaji betri akasema betri imechoka. Muuza vifaa wa Kariakoo akasema betri haina tatizo hata kidogo, kinachokosekana ni kapasita ya faradi moja, na akanitolea moja yenye taa za buluu zinazoonyesha volti. Ilipendeza, ningeweza kuiweka sebuleni. Lakini kapasita ya faradi moja kwa volti 14 inabeba kama juli 98, na amplifaya inayovuta amperi 30 hunywa juli 420 kila sekunde. Akiba hiyo haimalizi hata robo sekunde. Tena inasaidia taa zisififie besi inapogonga, mluzi haiuhusu. Nilipomweleza hivyo muuzaji hakukasirika. Akarudisha kapasita kwenye rafu, akachukua kichujio, kijidubwana cha kuchomeka katikati ya waya wa muziki. Hicho kweli hunyamazisha mluzi, ila vile vya bei rahisi huondoka na besi pia, na mimi besi ndiyo niliyoilipia.

Fundi wa alteneta ndiye aliyekaribia ukweli, ingawa naye alikaribia akiwa na alteneta nyingine mkononi. Alteneta huzalisha mkondo geu, kisha dayodi zilizomo ndani yake huugeuza kuwa mnyoofu, lakini haunyooki kabisa. Hubaki mawimbi madogo yanayokimbia kadiri injini inavyokimbia. Ndiyo maana mbu wangu alikuwa akifuata kanyagio la mafuta. Dayodi moja ikifa, mawimbi yanakuwa makubwa. Kwa hiyo alichokisema si uongo. Tatizo ni kwamba alikisema akiwa ameshashika spana, wakati kupima ni kazi ya dakika moja: weka mita kwenye betri injini ikiwaka, soma volti za mkondo geu, na zikizidi nusu ndipo uitazame alteneta kwa jicho baya. Yangu ilisoma kidogo sana. Akaitazama mita kama imemtukana.

Mzee aliyenitoa kwenye mkosi huo anafanya kazi chini ya mwarobaini, na sifa yake ya kwanza ni kwamba hauzi kitu chochote. Ana mita, tochi, msasa na kigoda. Hakuniuliza amplifaya ni ya kampuni gani. Alizima gari, akachomoa nyaya za RCA, zile zinazoleta muziki kutoka kwenye redio, nyuma ya amplifaya. Alisisitiza kuzima kwanza, kwa sababu kuzichomoachomoa umeme ukiwa unapita kunaweza kuunguza kijifyuzi kidogo ndani ya redio, na hapo unakuwa umejinunulia mluzi wa pili. Akawasha. Kimya. "Amplifaya haina kosa," akasema. Akaomba simu yangu, akaiunganisha moja kwa moja kwenye amplifaya, muziki ukatoka safi kama wa sebuleni. Kisha, bila kusema neno, akachomeka simu hiyohiyo kwenye chaja ya gari.

Iiiiii.

Shemeji alirukia nje ya gari. Mzee akacheka kidogo, akatueleza. Redio ina ethi yake, yaani waya unaoifunga kwenye bati la gari, kule mbele, amplifaya ina ethi yake huku nyuma. Ethi moja ikiwa mbovu, ethi hizo mbili zinakuwa na volti tofauti, na umeme unaokosa njia ya kurudia betri unajitafutia nyingine kupitia waya wa muziki. Simu ilipokuwa peke yake haikuwa na ethi, njia haikuwepo. Ilipopata chaja, ikapata ethi, barabara ikafunguka, na takataka zote za alteneta zikapita humo. Ili kuthibitisha akaweka mkia mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye hasi ya amplifaya, akaamuru sabufa ipigwe. Panapotakiwa kusomeka karibu na sifuri, palisomeka karibu volti nzima.

Akaufuata waya mweusi kwa vidole, chini ya zulia, hadi kwenye bolti ya kiti. Yule kijana alikuwa ameilegeza, akaviringisha waya, akaikaza tena. Chini ya waya palikuwa na rangi ya kiwandani, nzuri, isiyo na mkwaruzo, na manyoya ya zulia yamebanwa humo kwa usawa kabisa. Rangi haipitishi umeme. Manyoya nayo hayapitishi. Mzee akatafuta sehemu nyingine ya bati karibu na hapo, maana bolti ya kiti au ya mkanda ina kazi ya kushika roho za watu na haifai kuchezewa. Akapiga msasa hadi chuma kikang'aa, akabana waya kwa bolti na washa yenye meno, akapaka grisi juu pasiingie kutu. Waya wa muziki, ambao ulikuwa umelazwa ubavu kwa ubavu na waya mkubwa wa umeme njia nzima, akauhamishia upande wa pili wa gari. Kitufe cha geini, alichokuta kimezungushwa hadi mwisho, akakirudisha chini. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio, na ukikipandisha hovyo kinakuza hata vumbi.

Kisha akafungua boneti, na hapo hakucheka. Waya mwekundu ulitoka kwenye betri hadi chini ya kiti bila fyuzi hata moja njiani. Ile ya amperi 30 ubavuni mwa amplifaya inailinda amplifaya tu; waya ukichunika popote kabla ya kuifikia na kugusa bati, betri nzima inajimwaga hapo na gari linaweza kuwaka moto. Fyuzi inatakiwa iwe karibu kabisa na betri, isizidi kama sentimita 45. Alinituma dukani nikainunue mwenyewe, akaniandikia ukubwa wake kwenye kiganja kwa kalamu.

Mbu akafa. Mama mkwe amepanda tena, na kiatu kimebaki mguuni. Kilichobaki ni besi, ambayo sasa inafika yote, na kibao cha namba cha nyuma hakiiwezi. Juzi trafiki alinisimamisha, akasikiliza, akazunguka nyuma ya gari, akarudi dirishani.

"Mzee, namba yako inacheza muziki. Ifunge."

Nikasema sawa, afande. Akabaki ameinama pale dirishani, sikio likiwa ndani ya gari. Akaniambia niwashe injini, nikawasha. Nikanyage mafuta, nikakanyaga. Akanyamaza kidogo.

"La kwangu linapiga mluzi," akasema. "Fundi wako yuko wapi?"