Imemeza, Haitapiki

Wahandisi wa Apple, kwa kupenda urembo, waliipa MacBook Pro mdomo mwembamba ubavuni: CD inamezwa yenyewe, bila trei. Kutoka ni hisani. Kompyuta za watu wa kawaida, zenye trei, zina kitundu cha kuchomeka klipu ya karatasi iliyonyooshwa, trei ikafunguka kwa lazima. Hizi za kifahari hazikupewa, kisije kikaharibu sura. Diski ikikwama, unazima mashine, unaiwasha huku umekandamiza kitufe cha padi ya kugusa, na dua juu. Wengine huiinamisha na kuitikisa kama kibubu. Aliyeingiza kidiski cha sentimita 8, pole yake. Mwaka 2012 ikaja MacBook Pro ya Retina, isiyo na mdomo wowote wa diski. Tatizo likaisha, na CD zetu pia.