Namna ya Kumtembelea Mzazi wa 1872

Ukienda jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris, kumwona mzazi huyu, usisumbuke kubeba khanga wala sabuni ya mtoto. Punguza sauti tu. Mtoto, jina lake Blanche, amelala ndani ya susu tangu Berthe Morisot alipomchora mwaka 1872, na hakuna mgeni aliyewahi kumwamsha. Maswali ya ana kilo ngapi na kafanana na nani yaache mlangoni.

Usijaribu kufunua chandarua. Mama mtu, Edma, ameushika mwenyewe ukingo wake na kuuvuta kati yako na mwanawe: kakuruhusu uchungulie, hajakuruhusu ubebe. Basi chungulia vizuri. Weupe ule una samawati, kijivu na waridi, rangi zimepitishwa kwa brashi nyepesi mpaka uso wa mtoto unaonekana kama kupitia ukungu. Itazame na mikono: mama kaukunja wa kushoto, kajiegemeza shavu, mtoto naye kaukunja wake.

Sasa muache mtoto. Mtazame mzazi, tena kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Edma ni dada yake Berthe. Walijifunza uchoraji pamoja, Corot akiwa mmoja wa walimu wao, na kazi za wote wawili zikakubaliwa katika maonyesho rasmi ya Paris. Mwaka 1869 Edma akaolewa na ofisa wa jeshi la majini, akaacha kuchora. Kwa hiyo ukiona mama mwenye raha tu, rudi nyuma uanze kutazama upya. Macho yale yana mapenzi, nani atakataa? Yana uchovu pia, na mawazo yaliyotoka nje ya chumba. Anayeipita kama picha tamu ya uzazi anamnyima Edma nusu ya maisha yake, na jambo hilo linaniuma. Aliyeyaona macho hayo ni ndugu aliyebaki na brashi yake.

Bei usiulize. Mwaka 1874 Berthe aliipeleka picha hii kwenye maonyesho ya kwanza ya wachoraji walioitwa Waimpreshonisti, mwanamke wa kwanza kuonyesha kazi pamoja nao. Mnunuzi hakupatikana, picha ikakaa kwa jamaa hadi makumbusho ya Louvre yalipoinunua mwaka 1930.

Ukishaaga, tafuta, hata kwenye kitabu, picha ambayo Edma alimchora Berthe katika miaka ya 1860, akiwa kazini na brashi mkononi. Itazame kwa muda uleule uliompa mzazi.